Shaba au njia mbadala: ulinganisho kwa mkulima wa mizeituni

Mkulima wa mizeituni anayetaka kupunguza shaba shambani mwake kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni dawa gani apulizie badala yake, akitarajia kutajiwa jina moja la kununua dukani. Swali hilo halina jibu la namna hiyo. Shaba imedumu katika mashamba ya miti ya matunda kwa zaidi ya karne moja kwa sababu inafanya kazi kadhaa kwa pamoja: inazuia kuvu wa majani, inapunguza chule, yaani ugonjwa wa kuoza, ya matunda, inakinga majeraha ya mti yasiingiwe na bakteria, na hata usumbufu wa inzi wa zeituni hupungua pale inapotumika. Hakuna mbadala hata mmoja unaozifanya kazi zote hizo. Kila mmoja unashika sehemu yake, na sehemu kubwa kuliko zote hushikwa na msumeno wa kupogolea, aina ya mti na tarehe ya mavuno, wala si na bomba la dawa. Ndiyo maana katika ulinganisho huu nimeziweka njia zisizo za dawa mbele, nikiamini kwamba anayeziruka na kukimbilia dawa za asili atakata tamaa katika msimu wa kwanza wenye mvua nyingi.

Kile ambacho shaba inafanya, na gharama yake

Mchanganyiko wa Bordeaux, yaani salfeti ya shaba iliyotulizwa kwa chokaa, ulitangazwa na Mfaransa Pierre-Marie-Alexis Millardet mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, kisha ukaenea kwenye mazao mengine. Baadaye zilikuja oksikloridi, haidroksidi na oksidi ya shaba. Zote zinafanya kazi kwa namna moja: maji ya mvua au umande huyeyusha ayoni za shaba, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, kidogo kidogo juu ya jani, na ayoni hizo huiua spora (mbegu ndogo) ya kuvu inapoanza kuota, kabla haijapenya. Shaba haiingii ndani ya jani lenye afya, haihamii kwenye chipukizi lililoota baada ya kupulizia, na haiponyi doa lililokwisha kujitokeza. Ni kinga tu. Lakini ni kinga inayoshika, kwa sababu tabaka lake hukaa kwenye jani kwa wiki kadhaa likiachia ayoni kila jani linapolowa. Zaidi ya hayo, majani yaliyokwisha kuambukizwa huangushwa mapema na shaba, kwa kuwa hupenya pale utando wa nje ulipoharibiwa, na kwa njia hiyo chanzo cha spora hupungua mtini.

Gharama yake iko ardhini. Shaba ni metali, haiozi wala haivunjwi na jua au vijidudu, kwa hiyo kila kilo inayopulizwa hatimaye huishia kwenye tabaka la juu la udongo na kubaki hapo. Uchunguzi wa udongo wa nchi za Umoja wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha wastani wa miligramu 17 hivi za shaba kwa kila kilo ya udongo kwa ardhi zote kwa ujumla, miligramu 33 hivi katika mashamba ya mizeituni, na 49 hivi katika mashamba ya mizabibu. Nyungunyungu huathirika na vijidudu vya udongo hupungua, na shaba inayosombwa hadi mtoni ni sumu kali kwa viumbe wa majini. Mashamba ya mizeituni mara nyingi yako kwenye miteremko, na mvua ileile inayoleta ugonjwa ndiyo inayosomba udongo wenye shaba kwenda bondeni.

Kwa sababu hizo Umoja wa Ulaya uliiweka shaba katika orodha ya viambato vinavyotafutiwa mbadala, na kwa kanuni ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019 ukaweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika kipindi cha miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Kikomo hicho huhesabiwa kwa shaba yenyewe, si kwa uzito wa unga ulio kwenye mfuko. Dawa yenye asilimia 20 ya shaba ikipulizwa kilo 5 kwa hekta imeweka kilo 1 ya shaba ardhini, na mizunguko minne ya namna hiyo inamaliza wastani wa mwaka mzima. Dawa ya haidroksidi yenye asilimia 50 hufikisha kilo hiyohiyo 1 kwa kilo 2 tu za unga. Mkulima asiyefanya hesabu hii hawezi kulinganisha chochote, kwa sababu hajui ameshaweka kiasi gani.

Ugonjwa upi?

Kabla ya kulinganisha njia, lazima ugonjwa utajwe kwa jina, kwani magonjwa matatu ambayo shaba hutumika kuyazuia hayafanani hata kidogo.

La kwanza na lililoenea zaidi ni jicho la tausi, linalosababishwa na kuvu Venturia oleaginea. Huonekana kama madoa ya mviringo juu ya jani, ya rangi ya kahawia iliyokoza, mara nyingi yakiwa na duara la njano pembeni. Kuvu huyu hukaa chini ya utando wa nje wa jani, si ndani kabisa ya nyama yake, na spora zake huhamishwa hasa na matone ya mvua yanayoruka kutoka jani hadi jani. Ndiyo maana matawi ya chini na ya ndani, yanayochelewa kukauka, huumia kwanza. Hupenda baridi ya wastani, nyuzi 15 hadi 20 hivi za selisiasi, na huhitaji jani libaki limelowa kwa saa nyingi mfululizo. Joto la kiangazi linapopita nyuzi 30 husimama. Mti unaopoteza majani mengi hauchanui vizuri mwaka unaofuata, na hapo ndipo hasara inapoonekana.

La pili ni chule ya zeituni, inayotokana na kuvu wa jamii ya Colletotrichum. Hii hushambulia tunda: zeituni zinazoiva huoza, hutoa ute wa rangi ya chungwa wenye spora, kisha hukauka na kuning'inia mtini. Mafuta ya zeituni zilizoathirika huwa na asidi nyingi na hupoteza daraja la juu la ubora. La tatu ni vinundu, ugonjwa wa bakteria Pseudomonas savastanoi anayeingia kupitia majeraha ya baridi kali, mvua ya mawe, kupogoa, kuvuna kwa fimbo, au kovu la jani lililoanguka.

Kwa ugonjwa wa Xylella, ulioripotiwa katika mizeituni ya Apulia nchini Italia mwaka 2013, na kwa mnyauko wa Verticillium unaoanzia kwenye mizizi, mjadala wa shaba na mbadala wa shaba hauna nafasi kubwa. Vimelea hivyo vinaishi ndani ya mishipa ya maji ya mti, na kinga inayokaa juu ya jani haivifikii.

Kupogoa dhidi ya kupulizia

Ukiweka kupogoa kwa upande mmoja na shaba kwa upande mwingine mbele ya jicho la tausi, tofauti ya msingi ni kwamba shaba inamngoja kuvu juu ya jani lililolowa, ilhali kupogoa kunafupisha muda wa jani kubaki limelowa. Kuvu huyu anahitaji saa nyingi za unyevu usiokatika, kwa hiyo mti ulio wazi katikati, unaopitiwa na upepo na jua la asubuhi, hukauka kabla maambukizi mengi hayajakamilika. Msitu wa matawi uliosongamana hubaki na maji hadi mchana, na hata shaba yenyewe haifiki vizuri ndani yake, kwa kuwa matone ya bomba huishia kwenye majani ya nje. Kupogoa, basi, hupunguza haja ya dawa na papo hapo huifanya dawa yoyote utakayochagua ifanye kazi zaidi.

Udhaifu wake ni kwamba matokeo huchukua muda, na kazi ni kubwa. Mti mkongwe ulioachwa bila kuguswa kwa miaka mingi haupaswi kufunguliwa kwa msimu mmoja, kwa sababu utajibu kwa kutoa machipukizi mengi laini ya wima yanayorudisha msongamano uleule. Ni salama zaidi kuigawa kazi hiyo katika miaka miwili au mitatu. Naitrojeni nyingi husababisha jambo linalofanana na hilo: huleta majani mengi laini yaliyosongamana, na anayepunguza shaba huku akiendelea kumwaga mbolea ya naitrojeni anavuta kamba pande mbili. Maji yanayotuama nayo yapewe njia ya kutoka, kwa sababu bonde lenye ukungu wa asubuhi na udongo usiokauka ndiyo makao ya ugonjwa huu.

Wakulima wengi hushauriwa kukusanya majani yaliyoanguka. Kwa jicho la tausi naona nguvu hizo zielekezwe kwingine, kwani chanzo kikuu cha spora ni majani yenye madoa yaliyobaki mtini. Kwa chule ushauri unageuka, na matunda makavu yaliyobaki mtini na chini yake yanastahili kuondolewa.

Aina ya mti

Kwa anayepanda shamba jipya, hakuna dawa ya asili wala ya viwandani inayoweza kushindana na uchaguzi wa aina. Leccino ya Italia na Lechín de Sevilla ya Uhispania zinajulikana kwa kuvumilia jicho la tausi vizuri, na Koroneiki ya Ugiriki nayo haishambuliwi sana. Kinyume chake, Picual, inayotawala mashamba ya Andalusia nchini Uhispania, huumwa na jicho la tausi kwa urahisi, ingawa matunda yake yanahimili chule. Hojiblanca ya Uhispania na Galega ya Ureno, hasa hii ya pili, huoza sana kwa chule. Picholine Marocaine ya Moroko pia ni dhaifu kwa jicho la tausi.

Mifano hii inaonyesha jambo ambalo vipeperushi vya mauzo ya miche huliacha: hakuna aina iliyo sugu kwa kila kitu, na anayekimbia ugonjwa mmoja anaweza kuukaribisha mwingine. Picual ni mfano mzuri. Katika eneo lenye vuli (majira yanayofuata kiangazi) yenye joto na mvua, ambako chule ndiyo hatari, ni chaguo la busara. Katika bonde lenye baridi na ukungu, mwenye nayo atalazimika kupulizia kitu fulani karibu kila mwaka. Leccino ina faida ya ziada kwa wale wa Apulia, kwani pamoja na aina iitwayo FS-17 zilikuwa za kwanza kuruhusiwa kupandwa upya katika maeneo yaliyoathiriwa na Xylella kwa sababu ya uvumilivu wake. Kwa mwenye shamba lililokwisha kupandwa, ushauri huu unafika umechelewa, isipokuwa kwa kuunganisha vikonyo vya aina nyingine kwenye miti iliyo katika kona zenye unyevu kuliko zote.

Bakteria wa Bacillus

Miongoni mwa dawa za kibiolojia, zenye msingi imara zaidi ni zile za Bacillus subtilis na Bacillus amyloliquefaciens. Bakteria hawa hutengeneza kemikali za jamii ya lipopeptidi zinazopasua utando wa seli za kuvu, hushindania nafasi na chakula juu ya jani, na kwa kiasi fulani huamsha kinga ya mti wenyewe. Hawaachi metali ardhini na hawana madhara makubwa kwa nyuki au nyungunyungu, na kwa kawaida wanaweza kutumika hadi karibu kabisa na mavuno, jambo ambalo shaba hairuhusu kwa urahisi.

Wakilinganishwa na shaba, wanapungukiwa mambo mawili. La kwanza ni kudumu: jua kali huwaua, mvua kubwa huwaosha, na mapumziko kati ya mpulizo mmoja na mwingine yanakuwa ya siku chache badala ya wiki kadhaa. La pili ni baridi, na kwa mizeituni hili ni zito kuliko linavyosemwa. Jicho la tausi huambukiza hasa vuli, majira ya baridi na mwanzo wa masika (majira ya kuchipua), wakati bakteria hawakui haraka. Kinachofanya kazi katika siku hizo ni lipopeptidi zilizokwisha kutengenezwa kiwandani na kuwemo ndani ya dawa, kwa hiyo dawa inayouzwa pamoja na mazao ya ukuaji wa bakteria ina nafasi nzuri zaidi kuliko ile yenye spora za bakteria peke yake. Katika chule, ambayo hupenda joto la nyuzi 20 hadi 25, hali ni bora zaidi kwa Bacillus, na huko ndiko ningeanza kuitumia.

Jani la mzeituni lina nta nyingi juu na manyoya madogo chini, kwa hiyo dawa yoyote ya kugusa huteleza bila kulishika jani ipasavyo. Kiambato cha kulowesha na kushikisha kilichoidhinishwa, pamoja na bomba linalotoa matone madogo, huleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha chapa ya dawa.

Bikaboneti na salfa ya chokaa: mbio za saa chache

Hizi mbili nazilinganisha pamoja kwa sababu nguvu yake iko mahali pamoja, nayo ni zile saa chache baada ya mvua kuanza, wakati spora imeota lakini haijapenya vya kutosha chini ya utando wa jani. Ujuzi mwingi kuhusu matumizi haya umetoka kwa wakulima wa tufaha wanaopambana na Venturia inaequalis, kuvu wa jenasi moja na yule wa jicho la tausi. Undugu huo unatoa sababu ya kujaribu, ila hautoshi kuhamisha vipimo vya tufaha moja kwa moja hadi kwenye mzeituni, ambao hauangushi majani yake yote wakati wa baridi na hivyo unaweza kuambukizwa karibu mwaka mzima.

Bikaboneti ya potasiamu hubadilisha hali ya asidi juu ya jani na kuvuta maji kutoka katika spora na nyuzi changa za kuvu. Ni laini kwa mazingira, kwani mabaki yake ni potasiamu, ambayo ni chakula cha mti. Bikaboneti ya sodiamu ni rahisi kupatikana, lakini kuirudia kunaongeza chumvi ya sodiamu ardhini, na katika maeneo makavu hilo si jambo la kupuuza. Zote mbili huunguza majani zikizidishwa, na kwa kawaida mchanganyiko hubaki chini ya asilimia 1. Zote huoshwa na mvua inayofuata bila kuacha kinga yoyote. Mkulima asiyeweza kuingia shambani na trekta siku yenyewe ya mvua, kwa sababu udongo ni tope au shamba ni la mteremko, hatapata faida yake.

Salfa ya chokaa ina nguvu zaidi. Huweza kuikamata kuvu hata baada ya kuota, jambo ambalo shaba haiwezi, na inaweza kupulizwa juu ya jani lililolowa. Lakini ina ukali wake: ni babuzi kwa ngozi na macho, ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya sumu ya haidrojeni salfaidi, huharibu vyombo vya metali, huwaua wadudu rafiki wanaokula utitiri, na haipatani na mafuta ya kupulizia. Ningeiepuka kabisa zeituni zinapokaribia kuvunwa, kwa kuwa harufu ya salfa na mafuta ya daraja la juu havikai pamoja. Mtu akiniuliza kama inastahili kuitwa rafiki wa mazingira, nitamjibu kwamba ni rafiki wa udongo kuliko shaba, kwa maana haijirundiki, lakini si rafiki wa mtu anayeipulizia wala wa wadudu wema siku inapopulizwa.

Kaolini na zeolaiti

Unga wa kaolini, udongo mweupe unaopulizwa kama maziwa ya chokaa, umejijengea jina dhidi ya inzi wa zeituni kuliko dhidi ya kuvu. Ninautaja hapa kwa sababu ya kazi ile ya pembeni ya shaba niliyoigusia mwanzoni. Shaba hupunguza bakteria ambao inzi wa zeituni huwategemea kwa lishe ya mabuu wake, na hulifanya tunda lisimvutie jike anayetafuta pa kutagia. Mkulima anayeacha shaba bila kuliwazia hilo anaweza kushangaa kuona matobo ya inzi yameongezeka, kisha chule ikaingia kwa urahisi kupitia matobo hayohayo. Kaolini huziba pengo hilo vizuri, pia hupunguza makali ya jua la kiangazi. Zeolaiti, unga wa madini wenye vitundu vidogo vingi, hunyonya unyevu juu ya jani na hivyo husaidia kidogo pia dhidi ya kuvu. Zote mbili hutaka kurudiwa baada ya mvua kubwa, na unga wake hula mapua ya bomba la dawa. Si za kutegemewa peke yake dhidi ya jicho la tausi.

Dondoo za mimea na viamsha kinga

Umoja wa Ulaya una kundi la vitu viitwavyo dutu za msingi, vyenye matumizi mengine ya kawaida lakini vinavyoruhusiwa pia kukinga mimea. Mmea wa Equisetum arvense na kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, vilikubaliwa mwaka 2014, bikaboneti ya sodiamu na lesithini mwaka 2015, na upupu wa Ulaya, Urtica, mwaka 2017. Kila dutu ina orodha yake ya mazao na matumizi, na zeituni haimo katika kila orodha, kwa hiyo iangaliwe kabla ya kununua chochote. Laminarini, inayotolewa katika mwani wa kahawia, hufanya kazi kwa kuudanganya mti uone kama umeshambuliwa, nao ukaandaa kinga yake.

Kwa mtazamo wangu hizi ni nyongeza. Zinafaa pale ambapo mti umefunguliwa vizuri, aina ni ya wastani na mwaka si wa mvua nyingi. Ugonjwa ukiwa umeshika nusu ya majani, dondoo ya majani haitaurudisha nyuma, na kumwambia mkulima vinginevyo ni kumfanya aichukie njia nzima ya kupunguza shaba kwa sababu ya ahadi isiyotimizika.

Shaba kidogo kama njia ya katikati

Kuna dawa zenye shaba iliyosagwa laini sana au iliyofungwa na asidi za kikaboni, zinazodai kufanya kazi ileile kwa gramu chache kwa hekta. Dai hilo lina msingi, kwa kuwa kinachoua spora ni ayoni zilizoyeyuka, na chembe ndogo hufunika jani vizuri zaidi. Gharama yake ni muda: shaba kidogo huisha mapema. Nyingine huuzwa kama mbolea ya majani, na hapo mkulima anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu udongo hautofautishi shaba ya mbolea na shaba ya dawa. Mizunguko sita ya gramu 200 ni kilo 1.2 kwa mwaka, chini ya theluthi moja ya wastani unaoruhusiwa, na kwa shamba lenye ugonjwa mwingi hiyo ni hatua ya kwanza ya busara kuliko kuacha kwa ghafla.

Chule: tarehe ya mavuno

Dhidi ya chule, mbadala wenye nguvu kuliko wote ni kuvuna mapema. Kuvu anaweza kuingia tangu wakati wa maua na kukaa kimya ndani ya tunda bichi, ambalo lina kinga nzuri. Kinga hiyo hushuka kadiri tunda linavyoiva, na mvua za vuli hukamilisha uharibifu kwa siku chache. Anayevuna zeituni zinapoanza kubadilika rangi hupata mafuta machache kwa kila kilo ya matunda, lakini mafuta yenye asidi ndogo na harufu safi. Anayengoja ziive kabisa hupata mafuta mengi zaidi mwaka ukiwa mkavu, na hasara mwaka ukiwa wa mvua. Shaba ya vuli hununua muda wa kungoja. Kuvuna mapema huondoa haja ya kungoja. Kwa mwenye Hojiblanca au Galega katika eneo la mvua, sioni sababu ya kuanza na dawa kabla ya kupanga upya kalenda ya mavuno, kuondoa matunda makavu, na kumdhibiti inzi. Bacillus iongezwe mvua zinapokaribia, kwa kuwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna ni chache au hakuna.

Vinundu: mahali ambapo shaba bado inastahili nafasi

Hapa ulinganisho unaipendelea shaba. Bakteria wa vinundu huingia kwa dakika kupitia jeraha jipya, na baada ya mvua ya mawe mti mzima unakuwa na majeraha maelfu kwa wakati mmoja. Hakuna mbadala uliotajwa juu unaofunika majeraha hayo kwa haraka na kwa uhakika sawa na shaba iliyopulizwa siku hiyo au siku inayofuata. Ningependa mkulima aliyeokoa kilo zake za shaba mwaka mzima kwa kupogoa vizuri na kuvuna mapema awe nazo akibani kwa siku kama hiyo. Majeraha yanayotokana na mikono yetu ni habari nyingine: kupogoa kufanywe siku kavu, miti yenye vinundu ipogolewe mwisho, misumeno na mikasi isafishwe kwa alkoholi ya asilimia 70 au klorini kati ya mti na mti, na matunda yasipigwe kwa fimbo yakiwa yamelowa.

Kuchagua kulingana na shamba lako

Mwenye shamba kwenye mteremko mkavu unaopitiwa na upepo, na aina isiyo dhaifu, anaweza kuacha shaba ya kila mwaka bila kuweka kitu kingine mahali pake, na kubaki na akiba ya mvua ya mawe. Mwenye shamba la bondeni lenye miti iliyosongamana na jicho la tausi la miaka mingi asianze kwa kuacha. Apogoe kwa awamu, ashuke kwenye shaba ya kiwango kidogo katika vipindi viwili vya hatari, yaani kabla ya mvua za vuli na mwishoni mwa majira ya baridi kabla ya machipukizi mapya, kisha aingize bikaboneti au Bacillus katikati ya vipindi hivyo. Mwenye trekta jepesi na utabiri mzuri wa hali ya hewa atanufaika na bikaboneti. Anayepulizia kwa bomba la mgongoni kwenye hekta nyingi atashindwa kuwahi mvua, na kwake dawa inayodumu ina thamani zaidi.

Uamuzi wa kila mwaka haufai kusubiri madoa yaonekane, kwa kuwa kuvu hukaa wiki kadhaa au hata miezi ndani ya jani bila alama. Kuna kipimo rahisi ambacho kinastahili kutumiwa zaidi: majani yanachumwa kutoka sehemu mbalimbali za shamba, yanatumbukizwa katika mmumunyo wa asilimia 5 wa haidroksidi ya sodiamu, na maambukizi yaliyojificha hutokea kama madoa meusi ya mviringo baada ya dakika chache, mapema zaidi mmumunyo ukiwa wa moto. Glavu na miwani ni lazima, kwani mmumunyo huo huunguza. Kipimo hicho kikifanywa mwishoni mwa majira ya baridi na tena mwishoni mwa kiangazi, kwenye miti iliyopuliziwa mbadala, iliyopuliziwa shaba, na michache iliyoachwa bila kitu, mkulima atapata hesabu ya shamba lake mwenyewe ndani ya misimu miwili. Safu hizo tatu ziwe kwenye udongo mmoja na ziwe za aina moja ya mti, na kila mpulizo uandikwe pamoja na tarehe ya mvua iliyoufuata, kwa sababu mara nyingi dawa inayodhaniwa kushindwa ilikuwa imeoshwa kabla haijakauka.